Ukucha wa Mnoaji

Alikuwa na ukucha mmoja ambao ukiuona wakati wa kula, chakula chako ni khalas. Ulikuwa wa kidole gumba cha mkono wa kulia, mrefu, mnene, wa manjano kama pembe ya beberu, na chini yake kulikuwa na kitu cheusi ambacho sikuwahi kuuliza ni nini kwa sababu niliogopa angenijibu. Kucha zingine zote alizikata hadi karibu na nyama. Huo mmoja aliulea. Aliusugua kwa msasa, akaupaka mafuta ya nazi, na akitaka kukuonyesha kitu kwenye simu yake anakugongea kioo nao, tik, tik, tik, na wewe hapo una tonge la wali mkononi.

Tulimwita Mnoaji. Kazi yake ilikuwa kunoa visu kwenye machinjio ya kuku nje ya Doha, kule basi la wafanyakazi likikata kona unaona mchanga tu na mabomba. Wachinjaji ni Waislamu, hiyo ndiyo sheria ya pale, na yeye hakuwahi kuomba kuchinja. Alikaa kwenye kichumba cha nyuma na kinoo chake, ndoo ya maji na taa. Visu vinaingia butu, vinatoka vinang'aa. Ukucha aliuficha ndani ya glavu kila mudir, msimamizi wetu, akipita.

Mimi nilikuwa upande wa matumbo. Wacha nieleze vizuri ndio usiseme nimekuficha. Kuku anakuja ananing'inia miguu juu, ameshachinjwa, ameshanyonyolewa, na mimi naingiza mkono natoa yaliyo ndani. Yana joto bado. Ndiyo hiyo kazi. Shule niliachia Form Two, siku walipoanza kuchanganya hesabu na herufi, kwa hivyo sikuwa na milango mingi ya kubisha. Lakini mimi ni Mbukusu wa Bungoma, na kwetu mgeni akiondoka bila kula kuku anatangazia kijiji kizima kwamba kwenu kuna matanga. Nilienda likizo ya kwanza mama akanichinjia jogoo, akanipa firigisi kama mwanaume. Nililiangalia lile firigisi na lenyewe likaniangalia. Nikatoka nje nikatapikia ndizi zake. Mama mpaka leo anaamini nimeingia dini fulani huko Arabuni.

Mnoaji naye alikuwa wa dini fulani kweli. Alikuwa Mgisu wa nyuma ya Mbale, upande wa pili wa mlima wetu, kwa hivyo tukisalimiana "mulembe" tunaelewana hadi mwisho. Kambini Al Rayyan watu wote walidhani ni Msabato, maana alibadilishana zamu ili Jumamosi awe huru. Ukweli alinipa mimi wa kwanza, siku moja tukipanga foleni ya choo. Watu wa kijiji chao walishika Torati ya Musa tangu enzi za babu zao. Ni Wayahudi, weusi kama mimi, wanaosoma Kiebrania kwa lafudhi ya Kigisu.

"Usilipeleke mbali," akaniambia.

"Mzee, mimi hata shule sikuipeleka mbali."

Hakucheka. Utani wangu haukumwingia hata siku moja. Nilijaribu miaka na miaka, ikawa kama kumtekenya ng'ombe.

Kwao kuna mtu mmoja tu anayeruhusiwa kuchinja. Mkono wake umeanza kutetemeka. Wanakijiji walikuwa wanamsubiri Mnoaji arudi ashike kisu, kwa sababu baba yake ndiye alikishika zamani na yeye ndiye aliyefundishwa. Doha ilikuwa njia tu. Alikuja kujenga nyumba ya mabati, na nyumba ikikamilika anarudi kuchinja. Kabla hujapewa, wazee wanakupima: wanakupa visu, kimoja kina pengo dogo sana kwenye makali, nawe unatafuta kwa ukucha na kwa nyama ya kidole. Ukipitisha kisu chenye pengo, unakaa chini na wanaitwa wengine. Kwa hivyo ule ukucha ulionifanya nile nimegeukia ukuta ndio uliokuwa cheti chake, na hakuwa na kingine.

"Kisu chenye pengo hakikati," alikuwa anasema, "kinararua. Kuku aliyeraruliwa ni kibudu. Mtu akila kibudu kwa mkono wangu, mimi ndiye nimemlisha."

"Lakini mzee, hawa kuku wa hapa si wa kwenu. Huli hata mmoja."

"Kuku anajua mimi ni wa wapi?"

Ni kweli hakula. Miaka yote aliyokaa Qatar hakutia nyama mdomoni, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumchinjia kwa sheria yake. Alikula maharagwe, mayai, na dagaa wa kopo, ambao aliwafungua kwa, naam, ule ukucha. Anauingiza chini ya kifuniko, anapinda, mchuzi unamtiririka hadi kiwiko, kisha anaunyonya. Halafu huyo huyo anakwambia kisu chako ni kichafu.

Maana alikuwa mtu wa namna hiyo. Kisu angekisafisha hadi ujione meno, lakini shuka lake lilikuwa na rangi ambayo haijapewa jina. Aliwaonea huruma kuku kuliko watu. Akisikia kuku wanapiga kelele kule wanakoshushwa anatoka nje na kuwaambia wapakuaji washike taratibu, halafu akirudi anakutana na mimi nimeteleza kwenye maji ya manyoya, nimelala chali, na ananiruka kama mfereji. Na alipenda mieleka. Mtu ambaye angekufundisha kutwa nzima jinsi ya kumuua kiumbe bila kumuumiza, jioni anaweka simu kifuani, sauti juu, anaangalia majitu yamevaa chupi yakirushiana viti, na anacheka hadi machozi. Nilimuuliza mara moja ni vipi. Akasema, "Hao walikubali."

Neno lake lilikuwa "hapo walibishana." Ukimuuliza chochote kuhusu dini yao, hakupi jibu moja. Anakupa marabi wa kale, wawili, watatu, wamekaa wanabishana, na mara nyingi anawaacha hapo hapo bado wanabishana. Mabishano hayo aliyapata kwa baba yake, na baba kwa mwalimu aliyewahi kupita kijijini. Mimi nilizoea mahubiri ya kwetu, ambayo pasta akishasema amesema. Hii ya watu watakatifu kukatana kauli ilinifurahisha kama mabishano ya mpira kwenye kinyozi. Tatizo ni kitu walichokuwa wanabishania.

Rafiki yake pale kazini, wa pili kuambiwa ukweli, alikuwa mchinjaji mmoja wa Kwale tuliyemwita Ustadh, mtu mpole, ndevu nyekundu za hina, aproni yenye damu hadi shingoni. Ustadh hakushika kisu kilichonolewa na mtu mwingine. Wakati wa chai anakuja kwenye kile kichumba, mimi pia, na wanaanza. Sijui kwa nini nilikuwa naenda. Nadhani ni kama kidonda, unajua kinauma na bado unakigusa.

"Mzee wangu," Ustadh anaanza, "ndege kwenu mwakata koo ngapi?"

"Mnyama mbili, ya pumzi na ya chakula. Ndege moja inatosha. Na sehemu kubwa ya hiyo moja ni kama yote."

"Sisi twataka zote na mishipa ya damu."

"Hata kwetu mmoja alitaka mishipa. Kwa ndege tu. Alisema ndege anaokwa mzima, damu itabaki ndani. Wenzake wakamkatalia."

"Huyo alikuwa mtu wangu. Mngemsikiza."

"Alizidiwa."

"Kwa hoja ama kwa wingi?"

"Hapo nao walibishana."

Na mimi katikati yao nimeshika kikombe, na kwenye kucha zangu kuna kitu cha kijani kilichotoka kwa kuku asubuhi. Wataendelea hivyo hadi chai ipoe. Ukisimamisha kisu katikati ya kuchinja, ni kusimama kwa muda gani ndiyo kunaharibu? Ukikandamiza badala ya kuvuta je? Kisu kikijificha chini ya manyoya? Ustadh anashika ndevu, anasema hata wao wameambiwa wanoe vizuri na wampumzishe mnyama, na Mnoaji anaitikia kwa kichwa kama amepewa zawadi.

Siku mbaya kuliko zote ni ya kuhani. Mnoaji alituambia kwamba zamani hekaluni, sadaka ya ndege haikuchinjwa kwa kisu. Mtu maskini asiyeweza kuleta kondoo alileta hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na kuhani alimkata ndege kwa ukucha wake mwenyewe, tena kwa nyuma, kwenye kisogo.

"Subhanallah," Ustadh akasema. "Kwa ukucha?"

"Ukifanya hivyo nyumbani kwako, ni kibudu. Kuhani akifanya pale, ni sadaka. Ndege yule yule, shingo ile ile."

"Sasa ni nini kimebadilika?"

"Mahali na mtu." Akafikiri. "Lakini walibishana ukucha unapita vipi. Mmoja alisema anazungusha koo mbili zije nyuma kwanza. Mwingine akasema hapana, unapita kwa mfupa."

Na kabla sijakimbia, akamchukua kuku mmoja aliyekataliwa kutoka kwenye ndoo yangu, aliyekwisha kufa kitambo, akamshika kichwa na mabawa kwa mkono mmoja, akakunja kidole gumba. Sitaki kueleza sauti. Ni kama kuvunja muwa uliolowa. Ule ukucha uliingia upande mmoja ukatokea wa pili, na juu yake kulikuwa na uzi mweupe. Ustadh aliangalia dari. Mimi nilifika kwenye mfereji wa manyoya tu, si zaidi. Chai, mandazi, vyote.

"Huyo naye," Mnoaji akamwambia Ustadh, "sijui alipata wapi hii kazi."

Kitu kingine kilichokuwa kinanitesa ni harufu. Sisi watu wa machinjio tunanuka. Unaoga, unajisugua kwa ndimu, unapaka manukato ya bei rahisi, na sasa unanuka kuku aliyepaka manukato. Niliingia duka moja mtaa wa Najma kununua vocha. Muuzaji alinihudumia vizuri tu, na nilipogeuka nikasikia nyuma yangu fiiisss, anapuliza dawa ya hewa mahali niliposimama. Nilirudi kambini nikiwa na hasira, nikawasimulia wenzangu kama kichekesho, maana ndivyo mimi hufanya. Wakacheka. Mnoaji alikuwa anapanga dagaa wake.

"Unajua kule madhabahuni," akasema, "kondoo walimchuna ngozi kwanza. Ndege hawakumnyonyoa. Walimtupa motoni na manyoya yake."

"Mzee, tafadhali. Nimetoka huko."

"Umewahi kunusa manyoya yakiungua?"

"Mimi? Mimi ndiyo hayo manyoya."

"Hakuna mtu hachefuki. Marabi wenyewe walisema, hakuna mtu wa kawaida atanusa hiyo asisikie kutapika. Sasa kwa nini hawakumnyonyoa?" Akaninyooshea ukucha, mafuta ya dagaa yanang'aa. "Kwa sababu ukimnyonyoa ndege anabaki kidole tu. Mtu maskini ataona aibu, ametembea njia yote hiyo na sadaka yake ni kidole. Mungu akasema, wacheni manyoya, ijae madhabahu. Hiyo harufu mimi nitaivumilia."

Halafu nikauliza kama hapo pia walibishana.

"Hapo hapana," akasema, akarudi kwa kopo lake.

Lakini usije ukadhani nilianza kumpenda. Wiki ile ile alituletea balaa la njiwa. Walikuwa wamejenga kiota nje ya dirisha letu juu ya kiyoyozi, wanaharisha ukuta mzima, na kila kiyoyozi kikiwaka tunapuliziwa vumbi la mavi ya ndege usoni. Tulitaka kutoa kiota. Mnoaji akakataa, akakaa dirishani kama askari. Akasema njiwa hawa watanifundisha kitu. Akapanga vifuniko vya soda kitandani kwangu: mwanamke huyu amezaa, ameleta njiwa wawili, mmoja wa dhambi na mmoja wa kuteketezwa. Mwanamke yule naye wawili. Sasa njiwa mmoja wa huyu ameruka amekaa katikati ya wale wa yule. Damu ya mmoja inatakiwa kuwekwa madhabahuni upande wa juu, ya mwingine chini. Kuhani afanye nini?

"Awaachilie wote warudi nyumbani."

"Fikiri."

"Mzee, mimi niliacha shule kwa sababu ya kitu kama hiki. Na haikuwa na damu."

Akasogeza kifuniko, mwingine ameruka, na mwingine akamfuata. Ukikosea, akasema, mwanamke wa watu anarudi kwao akidhani deni lake na Mungu limeisha na bado. Hakuomba kosa, hakuliona. Kosa ni la aliyeshika ndege. Hilo lilimuuma kweli, uso ulibadilika, kama huyo mwanamke ni shemeji yake. Mimi nilikuwa nahesabu vifuniko na kupangusa mavi kwenye nyusi.

Sukari ilimwingia polepole. Alianza kunywa maji mengi na kwenda choo mara nyingi. Zahanati wakampa vidonge, akameza alipokumbuka. Halafu jioni moja tulikuwa jikoni kambini, watu wanasubiri majiko, yeye amesimama karibu na mimi ananieleza jambo la mieleka. Nikasikia harufu. Ngozi inaungua, ile harufu tunayoipata kazini tukibabua vinyweleo vya kuku kwa moto. Nikatazama sufuria yangu, ilikuwa sukuma tu. Nikatazama huku na huku. Mnoaji alikuwa ameegemea jiko, na kidole gumba chake kilikuwa kimelala juu ya chuma chekundu. Anaongea. Anacheka. Kidole kinatoa moshi.

Nilimvuta. Kipande cha kidole kilibaki kwenye chuma kikichemka. Nimeshatoa matumbo ya kuku wasiohesabika na sijawahi kuona kitu kilichonichefua hivyo.

Yeye aliangalia kidole, akaangalia jiko. Akaligusa lile jiko tena, makusudi, kwa kidole kile kile. Nikamshika mkono.

"Mzee, unaungua."

"Ndiyo," akasema taratibu. "Naona."

Hakusema anasikia. Kutoka siku ile nilijua, na yeye alijua kwamba nimejua, na tukaliacha jambo hilo kati yetu kama mtu aliyejamba ndani ya lifti.

Baada ya hapo kidonda kikapona, ukucha ukabaki, lakini visu vilianza kuchelewa. Mudir akaja kupiga kelele, yalla, yalla, mstari umesimama. Ustadh akakataa kuchukua kisu kingine, akakunja mikono kifuani, kuku wananing'inia. Nikatumwa nikalete. Kufungua mlango wa kile kichumba namkuta Mnoaji ameinama chini ya taa, kisu mbele ya uso, ulimi nje. Alikuwa anapitisha ncha ya ulimi kwenye makali. Anaenda, anarudi. Kama mbwa anayelamba sahani lakini polepole, macho amefumba.

"Mzee, unalamba visu vya kuku."

"Nimekichemsha. Na nitakichemsha tena."

"Unalamba visu vya kuku, mzee."

"Kuna waliopima kwenye jua, wanaangalia kivuli," akasema. "Kuna waliotumia maji. Mmoja alitumia unywele. Na kuna mmoja alipima kwa ncha ya ulimi. Mtu mkubwa huyo."

"Nilijua tu marabi watakuwemo. Na ukucha?"

Nyuma yangu Ustadh alikuwa ameshafika, amechoka kungoja. Alikuwa ameona.

Sijawahi kumwona Ustadh amekasirika kabla ya siku ile, na hata siku ile hakupaza sauti. "Mzee wangu," akasema, "juu ya kisu hicho mimi nataja jina la Mungu. Wewe watia mate?"

"Kidole kimekufa," Mnoaji akasema. Ndiyo mara ya kwanza kulitamka. "Ulimi bado uko hai. Nifanye nini?"

"Wacha."

"Nikiwacha, watakupa vya mashine. Nimeviona. Vina meno."

"Basi nitachinja kwa meno na Mungu ataniuliza mimi. Lakini mate yako, la." Akamgusa bega. "Sitasema kwa mudir. Wacha tu, babu."

Akaacha. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kuisha na hakuomba mwingine. Kwao nyumba ilikuwa imeezekwa. Aliwaambia wenzetu anarudi nyumbani kushika kazi ya baba yake, na wote wakampongeza, na mimi nikampongeza pia, huku naangalia viatu vyangu. Kwao hakuna aliyejua habari ya kidole.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Al Wakrah. Alikuwa amehamia kwa mpwa wake anayeendesha lori, akisubiri siku ya ndege. Nilienda Ijumaa mchana nikiwa na makopo ya dagaa, na mpwa alikuwa ameenda kutembea na rafiki zake, ama kula, sikumbuki. Nilimkuta Mnoaji amekaa kitandani. Amepungua, shingo imekuwa kama ya wale wanaoning'inia kwangu. Kitandani kulikuwa na taulo safi, na juu yake visu vyake mwenyewe vitatu, vile alivyonunua vya kupeleka nyumbani. Visu vyepesi, bila ncha, vya ndege.

"Umekuja wakati mzuri," akasema. "Chukua. Nenda jikoni. Kimoja kitie pengo. Dogo, dogo sana. Usiniambie ni kipi."

"Mzee, si tule kwanza?"

"Wazee watanipima wiki ijayo. Nenda."

Nikaenda. Niligusisha makali ya kimoja kwenye bomba la maji, kidogo tu, nikapitisha ukucha wangu, huu uliotafunwa hadi nusu. Nikalipata pengo. Ni kama chembe ya mchanga kwenye wali, ndogo, lakini ukishaisikia husikii kitu kingine. Nikavipanga kwenye taulo, kile cha pengo katikati.

Alifumba macho. Akapima cha kwanza kwa ukucha, kwa kidole, halafu akatoa ulimi. Nilitaka kuangalia dirishani na sikuweza. Ulimi wake ulikuwa na ukoko mweupe, na ulipita kwenye chuma kama konokono.

"Safi."

Akachukua cha katikati. Akakipitia chote, kwenda na kurudi.

"Safi."

Cha tatu alikaa nacho sana. Alikuwa anatoa jasho. Alikandamiza. Halafu akafumbua macho akanionyesha kile kisu, anatabasamu, na tabasamu lilikuwa jekundu.

"Hiki ndicho. Sivyo?"

Sasa, mimi mdomo wangu huwa hauchelewi. Kitu cha kuchekesha kilikuwa tayari pale mbele ya meno. Pia neno "ndiyo" lilikuwa pale, fupi, zuri, angelibeba hadi Mbale na nisingemwona tena. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani wa mwanawe.

"Hapana, mzee. Ni cha katikati."

Hakubisha. Alikichukua tena kile cha katikati, akaweka ukucha kwenye makali, akavuta polepole sana. Na mimi nikalisikia, kwa masikio, kutoka upande wa pili wa kitanda: tik. Ukucha umeingia kwenye pengo na kutoka. Yeye aliendelea hadi mwisho wa kisu.

"Hapa hakuna kitu," akasema.

"Limelia, mzee."

"Wapi?"

"Umelipita. Limelia, nimelisikia nikiwa hapa."

Akakiweka kisu chini, akakifunika kwa pembe ya taulo. Alichukua simu akampigia yule mchinjaji wa kwao, mwenye mkono unaotetemeka, akaweka sauti nje kwa sababu masikio yake pia hayakuwa mazuri. Waliongea Kigisu, na mimi nilielewa kila neno, bahati mbaya.

"Mulembe," akasema mzee wa huko. "Tuko tayari. Jogoo wa kukupimia tumeshamfunga, anakula mahindi ya watu bure."

"Mfungueni."

"Unasemaje?"

"Mfungueni. Kidole changu kimekufa."

"Kidole gani?"

"Kile."

Tulisikia kuku wa kule, na mtoto, na mtu anapasua kuni.

"Wewe umemwambia nani?" yule mzee akauliza, kwa sauti ya chini sasa. "Kama hakuna anayejua, njoo. Mimi ndiye nitakaa kukupima. Mkono wangu unatetemeka, wote wameuona, na bado wanakula."

Mnoaji aliniangalia. Nadhani aliniangalia.

"Wewe unatetemeka lakini unasikia," akasema. "Mimi nitawalisha kibudu nikidhani ni safi. Tafuteni mwingine."

"Hakuna mwingine. Sasa sisi tutakula nini?"

"Maharagwe."

Simu ikakatika, ama aliikata, sikuona. Nilikuwa naona kidevu chake. Damu ilikuwa imejaa mdomoni muda wote ule wa kuongea, na watu wa Torati hawali damu, kwa hivyo hakumeza, alikuwa ameibana kwenye mashavu na sasa inatafuta njia. Alizungusha macho chumbani, hapana sinki karibu, hapana ndoo. Kwenye meza kulikuwa na kikombe cha chai ya jana chenye utando juu. Nikakichukua nikamwekea chini ya mdomo.

Akatema. Damu, mate, na sehemu ndogo ya ulimi kama ngozi ya nyanya. Ilielea juu ya ule utando. Nikakisogeza kikombe karibu zaidi.

"Ondoka," akasema kwa ulimi mzito. "Wewe utatapika."

"Tema, mzee."

Akatema tena. Uzi mrefu mwekundu ukabaki unaning'inia kutoka mdomoni mwake hadi ndani ya kikombe, mnene, haukutaka kukatika, na yeye alikuwa ameinama, mikono yote miwili magotini, hana nguvu ya kuupangusa. Nilikishika kikombe pale pale nikasubiri ukatike wenyewe.